Mstari chini ya kichwa: kitu kidogo kinachokula kurasa na pesa za wanafunzi

Bukavu. Ilikuwa siku ya Jumamosi, saa kumi na moja za jioni, katika sekretaria moja ndogo ya komini ya Ibanda: chumba cha mbao, mashini mbili, imprimanti moja na fotokopi moja inayokohoa kila inapoamshwa. Umeme ulikuwa umerudi tangu saa nane, na kila mtu mle ndani alijua kwamba unaweza kwenda tena bila kuaga. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho, msichana, alisimama nyuma ya kiti cha mwenye sekretaria, mikono kifuani, macho kwenye ekra. Jumatatu asubuhi alitakiwa kuweka memwari yake katika ofisi ya fakulte, kopi nne zilizofungwa vizuri. Kopi ya kwanza ilikuwa imekwisha kutoka. Ilikuwa juu ya meza, ingali na joto, na ilikuwa imeharibika.

Maneno yake hayakuwa na kasoro. Kilichoharibika ni kurasa. Orodha ya yaliyomo ilisema kwamba sura ya pili inaanza ukurasa wa 27; kwenye karatasi ilianza ukurasa wa 30. Sura ya tatu iliandikwa 52, lakini ilikuwa 58. Na chini ya kila kichwa, pale palipotakiwa mstari mmoja mzuri wa kutoka marji hadi marji, kulikuwa na mstari mzima, kisha chini yake kipande kifupi upande wa kushoto, kama mkia wa mjusi uliokatwa.

« Yaya, kwetu nyumbani ilikuwa muzuri, » alisema msichana. « Mistari yote ilikuwa inafika mwisho. »

« Hii mistari uliitia namna gani, mudogo yangu? »

« Nilifinya tu ile tushi ya munane mpaka inafika. »

Mwenye sekretaria hakucheka. Alitikisa kichwa tu, kama daktari aliyesikia ugonjwa anaoujua. Kwenye klavie za Kifaransa ambazo wengi wetu tunatumia, kistari cha chini kiko pamoja na namba 8. Ukiifinya tushi hiyo na kuishikilia, vistari vinatoka kimoja baada ya kingine, vinashikana, vinakuwa mstari. Ni njia ambayo hakuna mtu aliyetufundisha na kila mtu anaijua. Miye pia, niliyekuwa nimesubiri zamu yangu na kle mkononi, niliitumia miaka mingi.

Kumbe msichana huyu aliandika kazi yake yote kwenye mashini ya kaka yake, katika herufi za Times New Roman, ukubwa wa 12. Siku ya Ijumaa, mwalimu anayemwongoza alimkumbusha kwamba fakulte inataka Arial. Alipofika sekretaria aliomba wabadilishe. Wakafinya Ctrl na A, wakachagua Arial, kila kitu kikageuka mara moja, wakatuma kwenye imprimanti bila kupitia kurasa. Kazi ya nusu dakika. Karatasi zaidi ya mia zikatoka.

Hapa hesabu ni ya kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndani yake ndimo ugonjwa wote ulimo. Katika Times New Roman, kistari cha chini kina upana wa nusu ya ukubwa wa herufi. Kwa ukubwa wa 12, ni pointi 6. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Ukiondoa marji ya sentimita 2,5 kila upande zinabaki sentimita 16, yaani pointi 453 na kitu. Vistari 75 vinachukua pointi 450. Vinaingia, na vinaonekana kama vilipimwa na fundi. Lakini katika Arial kistari hicho hicho ni kipana zaidi, karibu pointi 6,7. Vistari 75 vinataka pointi 500, zaidi ya sentimita 17 na nusu. Mahali ni pale pale, sentimita 16. Vistari 67 vinapata nafasi, nane vinabaki nje, vinaanguka chini. Huo ndio mkia wa mjusi.

Kila mkia ni mstari mmoja uliozidi. Memwari yenye vichwa vikubwa na vidogo hamsini inapata mistari hamsini ambayo hakuna aliyeiandika. Ongeza kwamba Arial yenyewe inajaza nafasi kuliko Times New Roman, hata maneno yanasogea. Na orodha ya yaliyomo, ambayo msichana aliiandika kwa mkono, namba kwa namba na nukta kwa nukta, haikujua kwamba kuna kitu kimesogea. Ilibaki inasema 27.

Tatizo hili linakuja pia bila kubadilisha herufi. Kuna mashini nyingi ambazo Word yake ilipangwa kwa karatasi ya Kimarekani inayoitwa Letter: sentimita 21,59 kwa 27,94. Ni pana kuliko A4 yetu kwa milimita sita hivi, na ni fupi kwa karibu sentimita mbili. Mtu anaandika kwenye Letter bila kujua, anaipima mistari yake kwa macho mpaka inagusa marji, halafu sekretaria inachapa kwenye A4. Mistari inavunjika. Anamlaumu mwenye imprimanti. Mwenye imprimanti analaumu kle. Kle haina mdomo.

Mstari unaokataa kufutika

Swali ambalo msomaji anayejua Word ataniuliza ni hili: mbona Word hubadilisha vistari hivyo kuwa mstari wa kweli? Ni kweli. Ukiandika vistari vitatu vya katikati mwanzoni mwa mstari, kisha ukafinya tushi ya kurudi, Word inaviondoa na kuweka mstari mwembamba wa upana wote. Ukiandika vistari vitatu vya chini unapata mstari mnene. Alama tatu za sawasawa zinaleta mistari miwili. Nyota tatu zinaleta nukta nukta, na ile alama ya wimbi ikiandikwa mara tatu inaleta mstari wa mawimbi. Hata alama ya dieze mara tatu ina mstari wake, wa mara tatu, wa katikati ukiwa mnene.

Ni msaada mzuri kwa anayeujua. Kwa asiyeujua ni jini. Mtu anataka kuufuta mstari ule: anaweka kishale juu yake, hakishiki. Anafinya tushi ya kufuta, maneno ya juu yanapanda, mstari unabaki. Nimemuona sekretere wa parokia moja, mtu mzima mwenye heshima zake, akiandika upya tangazo zima kwenye ukurasa mpya ili kumkimbia mstari mmoja.

Sababu ni kwamba ule si mstari uliochorwa, wala si herufi. Ni ukingo wa paragrafu. Paragrafu iliyo juu yake ndiyo inayoubeba, kama vile kitambaa kinavyobeba pindo lake. Huwezi kulivuta pindo peke yake, unashika kitambaa. Weka kishale ndani ya paragrafu ya juu, nenda kwenye kitufe cha « Bordures » katika ukurasa wa « Accueil », chagua « Aucune bordure ». Umekwisha. Na kama umeuona unatokea sasa hivi bila kuutaka, Ctrl na Z mara moja inarudisha vistari vyako kama vilivyokuwa.

Kaka wa msichana wetu hakujua hayo. Alichoka na mistari isiyofutika, akamuomba rafiki yake auzime msaada ule, na rafiki aliuzima kweli, katika sehemu ya kusahihisha maandishi yenyewe, pale palipoandikwa « Lignes de bordure ». Ndiyo maana dada yake alipofinya namba 8 kwenye mashini hiyo, vistari vilibaki vistari. Mtu alikimbia kero moja ndogo, mdogo wake akaangukia kero kubwa.

Ukingo huo wa paragrafu ndio dawa yenyewe. Mstari ukiwa ukingo, hauna hesabu ya vistari. Unaanza mwanzo wa paragrafu na kuishia mwisho wake. Badilisha herufi, badilisha karatasi, punguza marji: unajinyoosha au unajikunja wenyewe. Kichwa kikiwa kirefu na kushika mistari miwili, mstari unabaki chini ya mstari wa pili, mmoja tu. Ukikihamisha kichwa kwenda ukurasa mwingine, kinaondoka na pindo lake.

Mwenye sekretaria alivyofanya

Alianza kwa kuhifadhi kazi ya msichana chini ya jina lingine. Wengi wanaruka hatua hiyo, halafu wanalia. Kisha alimwambia akae.

Alichukua kichwa cha kwanza, SURA YA KWANZA, akakipa stili ya « Titre 1 ». Kikageuka rangi ya bluu, msichana akashtuka, lakini yeye akaendelea: alifinya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya jina la stili, akachagua « Modifier », akaweka Arial, nyeusi, ukubwa wa 14. Kisha kwenye kitufe cha « Format », kule chini, akafungua « Bordure ». Akachagua mstari mmoja, unene wa pointi 1, upande wa chini tu. Katika « Options » akaongeza umbali kati ya maneno na mstari mpaka pointi 4, kwa sababu Word yenyewe inaweka pointi 1 tu chini, na mstari unakuwa kama unazikwaruza herufi zenye mikia, g na p na y.

Hapo ndipo kazi ilipokwisha, kwa kweli. Vichwa vingine vyote alivipitia akivipa stili hiyo kwa mfinyo mmoja, na vichwa vidogo akavipa « Titre 2 », ambayo aliiacha bila mstari wowote. Msichana aliuliza kwa nini.

« Kila kitu ikivaa tai, nani atajua chef ni nani? »

Kuviondoa vile vistari vya zamani kulikuwa na mtego. Njia ya haraka ni Ctrl na H: unaiambia Word itafute kistari cha chini popote na ikiondoe. Alikuwa karibu kufinya. Msichana akapiga kelele: kwenye anekse kuna maswali aliyowauliza wakulima wa Kabare, na nafasi za majibu zilitengenezwa kwa vistari hivyo hivyo. Vingeondoka vyote. Basi alichofanya ni kunakili mstari mzima wa chini ya kichwa kimoja, vistari vyake vyote 75, akauweka katika dirisha la kutafuta. Hakuna jibu la mkulima lililokuwa refu hivyo. Mistari 41 iliondoka. Mingine ilibaki kwa sababu kidole cha msichana siku zingine kiliachia kabla ya kufika 75. Hiyo waliifuta kwa mkono.

Mwisho, orodha ya yaliyomo. Aliifuta yote, jambo lililomuumiza msichana kwa sababu aliitumia usiku mzima, kisha katika ukurasa wa « Références » akaiagiza Word iitengeneze. Kwa kuwa vichwa sasa vilikuwa na stili, Word ilijua kichwa ni kipi na kiko ukurasa gani. Sekunde mbili. Sura ya pili: ukurasa wa 30. Ukurasa wenyewe: 30.

Nataka kusimama kidogo hapa, maana ndipo watu wengi wanapokosea kuelewa. Wanadhani stili ni urembo wa watu wenye muda. Ni kinyume. Mwanafunzi anayepamba kila kichwa peke yake anafanya kazi hamsini. Mwenye stili anafanya moja. Na mwalimu akisema kesho kwamba fakulte sasa inataka mistari miwili badala ya mmoja, wa kwanza anarudi kwenye vichwa hamsini, wa pili anabadilisha mahali pamoja na kwenda kulala.

Wanaotumia LibreOffice, programu ya bure iliyopo tangu 2010 na inayoanza kuonekana katika shule na mashirika ya raia kwa sababu haihitaji kununuliwa wala kuibwa, wana njia hiyo hiyo. Tushi ya F11 inafungua orodha ya stili, na ndani ya kila stili kuna sehemu ya « Bordures ». Vichwa viwili vyenye ukingo mmoja vikifuatana, LibreOffice inaweza kuviunganisha kama kitu kimoja. Word pia ina tabia hiyo. Ukiona mstari wa kichwa cha juu umetoweka, usimtafute mchawi. Angalia kama kichwa kinachofuata kimegusana nacho na kina ukingo sawasawa.

Shaba, risasi na kalamu

Mistari hii haikuzaliwa na kompyuta. Katika imprimeri za zamani, zile za herufi za risasi, mstari ulikuwa kitu cha kushika mkononi: kipande chembamba cha shaba chenye urefu wa kusimama sawa na herufi, milimita 23,56 kwa desturi ya Wafaransa. Fundi alikikata kwa kipimo cha safu, akakipanga chini ya kichwa, akakikaza pamoja na herufi ndani ya fremu ya chuma. Kulikuwa na mwembamba, mnene, wa mara mbili, na ule wa mnene na mwembamba pamoja ambao magazeti mengi yaliuweka chini ya jina lao. Fremu ya mstari ilikuwa mtihani, kwa sababu kwenye kona vipande viwili vya shaba lazima vikutane bila kuacha nafasi, na wino unaonyesha kila uongo. Kwa sababu kila mstari ulikuwa kazi, hakuna aliyeweka mstari bila sababu.

Mwaka 1928 huko Berlin, Mjerumani Jan Tschichold alitoa kitabu kuhusu uchapaji mpya, akataka mapambo yaondoke na ukurasa ubaki na kile kinachosaidia kusoma. Maua na pembe za mapambo hakuyataka. Lakini mstari aliuacha, kwa sababu mstari unafanya kazi: unatenga, unaonyesha mwanzo, unashika jicho. Mwaka 1985 ikatoka PageMaker, programu iliyowezesha mtu mmoja kupanga kurasa za gazeti kwenye meza yake, na kuanzia hapo mstari haukuwa na bei tena. Kila mtu aliweza kuuweka, na kila mtu aliuweka.

Tuangalie tu programu za harusi na za ibada zinazogawiwa hapa mjini. Kichwa kimepigiwa mstari chini, kimewekwa rangi, kimetiwa kivuli, kimezungushiwa fremu ya maua, kisha fremu yenyewe ina mawimbi. Naelewa. Ni siku kubwa, familia imetoa pesa, karatasi lazima ionekane kwamba haikuogopa gharama. Kitenge hakichaguliwi kwa unyenyekevu. Lakini bibi aliyekaa kiti cha nyuma, miwani yake nusu, anatafuta tu wimbo namba ngapi.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wazuri wanalijua na wengine hawaliulizi kamwe: mstari ukae juu ya kichwa au chini? Desturi yetu ni chini, kwa sababu shuleni tulifundishwa kupiga mstari chini ya kichwa kwa bic nyekundu na rula. Ila angalia ukurasa kwa jicho la mgeni. Mstari chini ya kichwa unakata kati ya kichwa na maneno yake, kana kwamba ni watu wawili wasiosemeshana. Mstari juu ya kichwa unakata kati ya habari iliyokwisha na ile inayoanza, na kichwa kinabaki karibu na maneno yake. Katika gazeti lenye habari nyingi kwenye ukurasa mmoja, mimi ninauweka juu, siku zote. Katika memwari, ambapo sura inaanza kwenye ukurasa wake na hakuna cha kutenga, chini hakudhuru. Lakini kichwa kiwe karibu na maneno yanayokifuata kuliko yale yaliyotangulia. Kichwa kinachoelea katikati ni yatima.

Na unene. Hapa nina deni la kukiri. Miaka kadhaa iliyopita nilipanga karatasi ya mazishi ya mzee mmoja wa ukoo wetu. Nilitaka kitu cha upole, nikaweka mistari ya pointi 0,25, rangi ya kijivu, juu na chini ya jina lake. Kwenye ekra ilikuwa nzuri sana. Tulitoa kopi mia mbili kwa fotokopi. Zilipotoka, mistari ilikuwa nukta chache zilizotawanyika, mahali pengine hakuna kitu kabisa, na jina la mzee limebaki hewani. Mjane wake hakusema neno. Mdogo wake mmoja aliuliza kama wino uliisha.

Wino haukuisha. Pointi 0,25 ni chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Imprimanti ya nukta 600 kwa inchi ina nukta mbili tu za kuichora. Na kijivu haipo ndani ya imprimanti ya wino mweusi: inatengeneza kijivu kwa kuweka nukta nyeusi na kuruka zingine. Mstari wa nukta mbili ukirukwa nusu unabaki nini? Tangu siku ile, karatasi yoyote itakayopita kwenye fotokopi naiwekea mistari myeusi kabisa, isiyopungua nusu pointi, na mara nyingi pointi moja. Ukitaka kuona unene, pointi 3 ni milimita moja hivi.

Kwa wale wa magazeti madogo

Vijana wanaopanga majarida ya shule, ya dayosisi na ya mashirika wengi wanatumia InDesign, iliyotoka mwaka 1999. Humo mstari wa kichwa una mahali pake, unaitwa « Filets de paragraphe », na unaingia ndani ya stili kama katika Word, ila unatii zaidi. Unaweza kuwa na mmoja juu na mwingine chini, kila mmoja na unene wake na rangi yake. Unaweza kuwa na upana wa safu nzima au upana wa maneno tu. Umbali unapimwa kutoka mstari ambao herufi zimekalia, na umbali huo unaweza kuwa chini ya sifuri: ukiuweka mstari wa juu wenye unene wa pointi 18 na kuushusha, unakuja nyuma ya maneno na kuwa utepe wa rangi. Fanya herufi ziwe nyeupe, na una kichwa cha gazeti bila kuchora kisanduku hata kimoja.

Nimeona vijana wenye kipaji wakichora mstari kwa zana ya kuchora, vichwa kumi, mistari kumi, kila mmoja umewekwa kwa jicho. Usiku, habari moja inapunguzwa, maneno yote yanapanda sentimita mbili, na mistari inabaki pale ilipokuwa, ikikata katikati ya sentensi za watu. Canva kwenye telefone ina shida hiyo hiyo: mstari ni kitu kimoja, kichwa ni kingine, na hakuna anayemjulisha mwenzake kwamba ameondoka. Kwa karatasi ya ukurasa mmoja, haidhuru. Kwa kijitabu cha kurasa ishirini, ni kujitafutia usiku mrefu. Katika Scribus, ambayo ni ya bure, mstari uliochorwa unaweza kunakiliwa na kubandikwa ndani ya maneno kama herufi, hapo unatembea nayo.

Na kwa mtu yeyote anayebeba kazi yake kwenda kuichapa kwingine: ikishakuwa sawa, itengeneze PDF. Word inafanya hivyo yenyewe katika « Enregistrer sous ». PDF inabeba herufi zake na mistari yake, haiulizi mashini ya sekretaria ina nini. Weka ile ya Word pia kwenye kle, kwa sababu daima kuna neno moja la kusahihisha, lakini inayochapwa iwe PDF.

Tulirudi kwenye imprimanti saa kumi na mbili na nusu. Mwenye sekretaria alichapa kwanza kurasa nne tu, ule wa orodha na mianzo ya sura tatu, akaziweka kando kwa kando mezani. Msichana alipima kwa kidole: 30, 30. 58, 58. Mstari mmoja, mweusi, kutoka marji hadi marji.

Kilibaki kile kifurushi cha kopi iliyoharibika, karatasi zaidi ya mia ambazo zilikwisha kulipiwa. Pesa za kuchapa kopi nne zilitoka kwa mama yake, anayeuza ndagala sokoni Kadutu, na hazikuhesabiwa kopi tano. Walibishana kidogo, kwa sauti ya chini. Yeye aliomba wabadilishe herufi, ni kweli. Sekretaria ilichapa bila kuangalia, ni kweli vilevile. Mwishowe alilipa nusu ya kopi ile, na karatasi zikabaki kwa mwenye sekretaria, atazigeuza na kuchapia majaribio upande wa pili.

Kopi ya tatu ilikuwa inatoka umeme ulipokwenda. Jenereta ya jirani ilivutwa mara nne kabla ya kukubali. Nyuma yangu kulikuwa na kijana mwenye TFC yake kwenye telefone, alikuwa ametazama yote. Alifungua kazi yake, akashuka mpaka kichwa cha kwanza, akakaribisha ekra kwenye macho na kuanza kuhesabu vistari.